Uzinduzi Rasmi wa Kikombe cha Mtukufu Kifurushi

Mtukufu Mgeni Rasmi, Kifurushi, mwenye jino moja lililokwisha toka na jingine lililo njiani, mtoto wetu wa kwanza na kwa mwendo huu huenda wa mwisho. Mheshimiwa Mama Mkwe, Mlezi Mkuu wa nyumba hii, Mwenyekiti wa Maisha wa kochi la dirishani na mtunza ufunguo wa kabati la sukari. Mheshimiwa Baba Kifurushi, fundi wa majokofu, uliyeyapoza majokofu ya mtaa mzima na la kwetu ukalisamehe. Mheshimiwa Wifi, msusi mashuhuri, mwenye ulimi mwepesi kuliko vidole. Waheshimiwa mito miwili ya kochi, pamoja na wa tatu unaovuja pamba. Ndugu waandishi wa habari, ambao hamkualikwa na kwa utii mkubwa hamkuja. Wadau wa maendeleo, wadau wa nepi, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na kama kuna aliyesahauliwa basi ajihesabu ametajwa, apige makofi na akae chini.

(Makofi. Baba Kifurushi anajipiga paja kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshika chai.)

Nimesimama mbele yenu alasiri hii ya Jumapili, juu ya kigoda ambacho mguu wake mmoja naomba uendelee kuwa mzalendo, nikiwa na furaha isiyo kifani, isiyo kipimo na isiyo na bajeti, kuzindua rasmi awamu ya tatu na ya mwisho ya Mradi Mkakati Shirikishi wa Kikombe, ambao lengo lake, kwa upana na urefu wake, ni kumwezesha, kumjengea uwezo na kumhamasisha Mtukufu Kifurushi anywe maziwa ya mama yake bila mama yake kuwepo.

(Mgeni rasmi anatafuna kona ya mto. Anautema. Anaurudia.)

Kwa kuwa uongozi huu ni uongozi wa uwazi, niseme wazi kinachotukutanisha hapa. Likizo yangu ya uzazi iliisha, nikaiunga na ya mwaka, ya mwaka ikaisha, nikaiunga na ile ya kuomba kwa kupiga magoti, nayo inaisha leo. Kesho Jumatatu asubuhi natakiwa kazini. Mkuu wa zamu alinipigia simu mwenyewe, mtu mpole yule, hajui kugomba, na ndiyo maana maneno yake yaliniingia: "Dada, kiti chako nimekikalia mimi mpaka mgongo unauma. Jumatatu usipotokea, itabidi nimpe mwenzio, na huyo akikaa hatainuka." Basi hesabu ni fupi, waheshimiwa, hata mimi niliyefukuzana na hesabu shuleni naiweza: Kifurushi asipokubali kikombe, siondoki, nisipoondoka, kiti kimekwenda. Na mpaka kufikia leo, kwa mujibu wa takwimu za ofisi yangu, ambayo ni mimi, asilimia mia moja ya vikombe vilivyotolewa kwa mlengwa vimerudishwa na mlengwa, kwa njia ya anga.

(Wifi: "Kimoja kilinipata hapa." Anaonyesha kipaji cha uso.)

Serikali inakupa pole, Mheshimiwa, na tathmini ya jeraha inaendelea.

Kwa wale ambao mpaka sasa hamjaielewa kazi yangu, na najua mpo, na wengine nalala nanyi chumba kimoja, naomba nitoe ufafanuzi wa kina. Mimi ni Mratibu wa Safari za Ndege za Mizigo, cheo ambacho kazini wanakifupisha kuwa dispacha na mtaani wanakirefusha kuwa "yule dada anayejidai wa ndege". (Wifi: "Rubani!") Si rubani, Mheshimiwa. (Wifi: "Basi yule wa kugawa soda.") Mheshimiwa, ndege zetu hazina wa kugawiwa soda. Abiria wetu ni maua, samaki waliogandishwa, vipuri vya magari, na siku moja sanamu la chuma la bwana mmoja mwenye ndevu ambaye hata wapakiaji hawakujua amefanya nini hadi apandishwe ndege. Mimi hukaa chini. Naangalia hali ya hewa ya njia nzima. Napiga hesabu ya mafuta ya kufika, na ya kugeukia uwanja mwingine kama ule wa kwanza umefunikwa na ukungu, na mengine ya akiba ya kuzungukazunguka angani wakati wa kusubiri zamu. Nahakikisha mzigo umepangwa vizuri ndege isiwe nzito mkiani. Kisha namkabidhi kapteni mpango wa safari. Yeye akikubali na mimi nikikubali, ndege inaondoka. Mmoja wetu akikataa, haiendi popote, hata mwenye maua alie getini. Na ikishaondoka sijamaliza, naifuata kwa redio na kwenye kioo cha kompyuta mpaka matairi yaguse ardhi ya huko iendako. Ikinyamaza, naiita. Ikichelewa kujibu, naiita tena. Dispacha mwenye ndege angani hata chooni huenda mbio.

(Makofi hafifu. Baba Kifurushi: "Endelea, mheshimiwa, ila chai inapoa.")

Na sasa, kwa unyenyekevu wa hali ya juu, niruhusuni nijisifu. Mimi ninayeziruhusu ndege ziruke sijawahi kupanda hata moja. Kilele cha juu kabisa nilichowahi kufika kwa miguu yangu ni ngazi ya kubadilishia balbu, na Baba Kifurushi alikuwa ameishika. Shule nilipita kama mtu apitaye sokoni hana hela, nikitazama tu. Nilianzia ghalani, kufunga nyavu juu ya mizigo, na kule ghalani niliuliza maswali mengi sana, kwa nini huu uende mbele, kwa nini ule uende nyuma, mpaka wakubwa wakaona dawa ni kunipeleka kozi ili wapumzike. Mtihani wa leseni nimeufanya na ujauzito. Tumbo lilikuwa linafika mezani kabla ya kalamu. Nikapita. Msimamizi alipoulizwa, alisema tulipita wawili.

(Makofi. Haya ni ya kweli. Mama Mkwe anasema: "Hapo sasa.")

Asante, Mama. Ofisi yangu, kama mnavyoijua kwa kuisikia kila siku, ni chumba chenye dirisha linalotazama ndege, kiyoyozi kinachodondosha maji ndani ya ndoo ya rangi, skrini nne ambazo tatu zinafanya kazi, na kiti kilichochanika upande wa kushoto, ambacho mwili wangu na chenyewe vimekwisha elewana. Katika chumba hicho nimefanya makubwa. Historia itakumbuka namna nilivyowaokoa vifaranga. Ilikuwa hivi: ndege ilikuwa na masanduku ya vifaranga wa siku moja, na nyuma yao dawa za hospitali zilizopozwa kwa barafu kavu, na barafu kavu, waheshimiwa, ikiyeyuka haitoi maji, inatoa hewa inayoziba pumzi. Ukiiweka jirani na vifaranga katika tumbo la ndege lililofungwa, kule mwisho wa safari utafungua mlango kwenye kimya. Nilipoliona hilo kwenye mpango wa mzigo sikuita redio, sikutuma mtu; niliruka kitini nikakata uwanja mzima, tumbo mbele, mikono juu, napiga kelele, "Simamisheni! Watoto! Watoto!" Wapakiaji wakaacha kila kitu. Ndege ya jirani ikazima injini. Nikafika mlangoni sina pumzi, nikamkuta mkuu wa wapakiaji amekaa juu ya sanduku anakula ndizi. Akaniambia, "Dada, tumeshawatenganisha toka asubuhi. Kaa chini kabla na wewe hujazaa humu." Tangu siku hiyo kule uwanjani naitwa Mama Kuku. Lakini kumbukumbu rasmi, ambazo ni hizi ninazozisema, zinasema niliwaokoa.

(Kicheko. Mgeni rasmi naye anacheka, kwa sababu zake.)

Sasa nije kwenye mradi. Waheshimiwa, mradi huu haukukurupuka. Ulifanyiwa upembuzi yakinifu, ukafanyiwa upembuzi wa ule upembuzi, na vifaa vya kisasa vikaletwa: kikombe chenye masikio mawili, kikombe chenye mdomo wa bata, chupa yenye chuchu laini, chupa yenye chuchu ngumu, na kijiko kimoja cha plastiki ambacho mgeni rasmi anakipenda sana kwa kukunia mgongo.

Awamu ya kwanza ilikuwa ya ratiba. Nilimpanga Kifurushi kama ninavyopanga ndege: maziwa ya safari, maziwa ya akiba, na jirani yetu mshona nguo kama uwanja wa kugeukia endapo kwa Mama kutakuwa na ukungu. Kisha nikamsomea Mama ratiba kwa sauti, mara mbili, nikatoka kwenda kukaa kwa mshona nguo kama jaribio. Sasa, kazini kwetu saa hatuzihesabu kama nyumbani. Dunia nzima ya ndege inatumia saa moja ya wote, ili rubani wa huku na muongozaji wa kule wasipishane. Saa mbili yetu ya asubuhi wao wanaiita tano. Na mimi, kwa umahiri wangu, nikamwambia Mama, "Tano kamili, maziwa." Mama wa watu akaitikia. Saa mbili mtoto akaanza kulia njaa. Saa tatu analia. Mshona nguo ananiuliza, "Yule si wako?" Namwambia, "Hapana, wangu amekwisha kunywa, niliacha maelekezo." Nilipoingia ndani nikamkuta Mama amembeba, jasho linamtoka, anaitazama saa ya ukutani kama mtu anayemsubiri mdeni.

(Mama Mkwe: "Ulisema tano. Mimi nikasema huyu ndiye msomi wa ndege, atakuwa na sababu yake.")

Sababu nilikuwa nayo, Mama, ila ilikuwa ya mbali.

(Mama Mkwe: "Toka siku hiyo nilisema, mwanangu, saa ya huyu mtoto iko tumboni mwake.")

Maoni ya mdau yamepokelewa. Awamu hiyo tuliihesabu kuwa ya mafanikio makubwa, kwa sababu tulijifunza, na mradi ukijifunza haujafeli. Huo ni msemo wa wataalamu waliofeli.

Awamu ya pili ikajikita katika ufuatiliaji na tathmini. Hapa sikubakisha kitu. Nikitoka, hata nikiwa nimefika kona tu, napiga simu, maana huo ndio utaratibu: chombo kikiwa safarini, dispacha lazima ajue kilipo. Na Mama, kwa kuwa sikio lake moja limechoka, huiweka simu kwa sauti kubwa katikati ya kochi. Kumbukumbu za mazungumzo hayo zipo na Wifi huzirudia kila mteja anapokaa kusukwa.

(Wifi anasimama, anaigiza sauti mbili: "'Mama, yuko wapi saa hizi?' 'Yuko mapajani.' 'Anaelekea wapi?' 'Mwanangu, ataelekea wapi naye hata kutambaa hajaanza?' 'Hali ya hewa ikoje?' Hapo nikadakia mimi: 'Juu mawingu, chini mvua, nepi imejaa!'" Kicheko. Baba Kifurushi anamwagikiwa na chai.)

Tunamshukuru Mheshimiwa Wifi kwa burudani, na tunamkumbusha kuwa siri za ofisi ni siri za ofisi. Matokeo ya awamu ya pili ni haya: kila nilipopiga kuuliza kama amekunywa, jibu lilikuwa: ndiyo kwanza alikuwa anataka kunywa, simu ilipolia akakipiga kikombe. Nikaongeza idadi ya simu ili tuongeze ufanisi. Kikombe kikapigwa zaidi. Nikabadilisha kikombe. Nikabadilisha mlezi, Baba Kifurushi alijaribu, na fulana yake ile nyeupe sasa ni ya njano. Wiki hii Alhamisi nilikwenda kazini kutwa nzima kupimwa upya kabla ya kurudi kitini, na simu yangu, kwa hujuma ya betri, ikazimika nikiwa bado getini. Siku ile, waheshimiwa, niliruhusu ndege mbili chini ya usimamizi, kapteni akanipa mkono, mkuu wa zamu akasema "Umerudi kama hukutoka", na mimi moyoni nilikuwa katika nyumba hii hapa, blauzi imelowa kifuani nimeifunika kwa faili. Nikarudi mbio. Mama akaniambia hajanywa. Kanililia kutwa.

(Mama Mkwe anatazama dirishani.)

Hivyo basi! Bila kukata tamaa, maana uongozi huu haujui maana ya kukata tamaa na maneno mengine kadhaa, leo tunazindua awamu ya tatu, ambayo ni ya maonyesho ya hadhara. Mgeni rasmi atakunywa mbele ya umma. Maziwa yamekamuliwa, yamepashwa moto, yamepimwa kwa kiwiko. Mheshimiwa Mama, shika kikombe. Wananchi, itikieni! Kikombe!

("Juu!")

Maziwa!

("Ndani!")

Mama!

(Wifi: "Nje!" Wengine: "Kazini!")

Kazini, Mheshimiwa. Tulifanya mazoezi. Sasa, wananchi, shuhudieni kwa macho yenu, kikombe kinasogea, kinasogea kwa mwendo wa kuridhisha, mdomo wa mlengwa uko wazi, hali ya hewa ni shwari, tunatarajia mguso wakati wowote kuanzia sasa...

(Mgeni rasmi anasikia sauti anayoijua. Anageuza shingo. Anamwona aliye juu ya kigoda, ananyoosha mikono yote miwili, na kikombe kinaondoka na mkono wa kushoto.)

Hitilafu ndogo. Hitilafu ndogo ya kiufundi, wananchi, tulieni kwenye viti. Kijazwe tena. Kifurushi, baba, mwanangu, angalia, bibi ana nini? Bibi ana maziwa. Mama yuko hapa, mama haendi popote, kunywa basi mama aone...

(Kikombe kinaruka. Mgeni rasmi sasa analia. Baba Kifurushi anajifuta sikio.)

Waheshimiwa.

Waheshimiwa, kufuatia matokeo haya, na kwa kuzingatia mazingira halisi, na baada ya kushauriana kwa kina na mimi mwenyewe, naona wakati umefika wa uongozi kuwa mkweli kwa wananchi wake. Mtoto hataki. Si kosa lake. Mkuu wa zamu alinipa mpaka leo jioni nimjibu. Kiti kile mwenzangu atakikalia vizuri tu, ni binti mwerevu, anajua ukungu kuliko mimi. Ghalani nyavu zitakuwepo siku zote. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa, napiga simu sasa hivi, mbele yenu, ili...

(Mama Mkwe: "Weka hiyo simu chini.")

Mama, hotuba bado...

(Mama Mkwe: "Itakusubiri, haina miguu. Shuka. Nenda jikoni, ufunge mlango, na unyamaze. Usikohoe, usiulize. Nakuomba, mwanangu, nyamaza tu.")

(Hotuba inasimama. Mratibu anashuka, anaingia jikoni. Baba Kifurushi anauegemea mlango kwa nje kwa agizo la mama yake. Ndani, Mratibu amesimama kati ya sinki na jokofu la vuguvugu, kiganja kwenye kitasa. Anasikia mwanawe akilia, kisha akilia kwa mapumziko, kisha akiguna. Anasikia Mama Mkwe akimwimbia wimbo usio na maneno. Anafungua mdomo aulize anaendeleaje; anaufunga kwa mkono. Halafu anasikia mlio anaoujua, maana kwa miezi yote hii aliusikia chini ya kidevu chake: gu, gu, kimya, pumzi, gu. Unaendelea. Kwa muda mrefu hakuna kingine nyumba nzima. Kisha Wifi anasema nyuma ya mlango, kwa sauti ambayo hakuna mteja wake amewahi kuisikia, "Njoo, wifi. Polepole.")

Waheshimiwa. Nimerudi. Naona kikombe. Naona kikombe kimelazwa kwenye kochi na hakijamwaga kitu, kwa sababu hakina kitu.

(Mama Mkwe, akimpigapiga mtoto mgongoni: "Na Alhamisi ilikuwa hivihivi. Chote. Akaomba na kingine.")

Alhamisi, Mama? Si ulisema hajanywa?

(Mama Mkwe: "Simu ilikuwa kimya siku ile. Akinywa, hasikii sauti yako ikitoka kwenye kochi, anamtafuta nani? Akanywa, akalala, akaamka, akanywa. Mtoto hana neno.")

Mbona hukuniambia?

(Mama Mkwe: "Uliingia mbio hata viatu hukuvua. Macho yamekuvimba. Hukuniuliza amekunywa, mwanangu. Uliniuliza, 'Amenililia?' Sasa nikutazame nikuambie hapana? Nikasema kakulilia kutwa. Ukakaa chini, ukamchukua, ukatulia. Nilitaka kukuambia kesho yake. Kesho yake ukaanza kuandaa hotuba.")

(Wifi anajipangusa jicho, anasema ni mafuta ya nywele.)

Naomba nihitimishe, kwa sauti ndogo.

Tume huru iliyoketi kwenye kochi la dirishani imewasilisha taarifa yake, na uongozi umeipokea bila marekebisho. Imebainika kwamba Mradi Mkakati Shirikishi wa Kikombe, pamoja na awamu zake, vikombe vyake vyenye masikio na vyenye midomo, ratiba zake za saa ya dunia na tathmini zake za kila kona, haukuwahi kuwepo. Kilichokuwepo ni bibi, mjukuu, na maziwa; na mimi nikipita katikati na simu. Awamu ya kwanza mtoto alikuwa na njaa. Ya pili alikuwa ananitafuta. Mafanikio yote yamepatikana siku mbili tu, moja betri imezima na nyingine nimefungiwa jikoni. Wenye kufuatilia sababu za kuchelewa kwa maendeleo katika nyumba hii mnaweza kuacha kutafuta. Niko hapa, juu ya kigoda. Kifurushi alikuwa tayari kuniacha niende toka Alhamisi. Niliyekuwa sijakubali ni mimi.

Basi nakubali.

Kesho asubuhi nitamnyonyesha, nitampa Mama, nitatoka kwa mlango kama mtu mzima, na nitakaa kwenye kiti changu nitume samaki na maua. Simu nitakuwa nayo, kwa dharura tu. Sitapiga.

(Wifi, kwa kunong'ona: "Utapiga.")

Nitapiga mara moja.

(Wifi, kwa kuonya: "Wifi.")

Mchana. Nitakupigia wewe, si Mama, na utapokea ukiwa nje barabarani.

("Nikiwa na mteja?")

Mteja atasubiri, kichwa hakikimbii.

Namshukuru Baba Kifurushi kwa kuegemea mlango kwa uzito wake wote, maana ningeufungua. Namshukuru Wifi kwa kuniita. Namshukuru Mtukufu Mgeni Rasmi kwa kunywa, na nitafurahi sana kama siku mojamoja, si kila siku, atanililia kidogo. Nakushukuru wewe, Mama, kwa uongo wa Alhamisi. Nimeupokea kama ulivyonipa. Na ninyi nyote nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kwa wingi kwenye uzinduzi wa kitu ambacho hakikuwepo, mkakipigia makofi, mkakiitikia, na wengine mkamwagikiwa. Taifa lingekuwa na wananchi kama ninyi, lingejengwa bila kujengwa.

Kikombe.

("Juu," kwa pumzi tu.)

Maziwa.

("Ndani.")

Mama.

(Mama Mkwe peke yake: "Kazini.")

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Tafadhali msipige makofi. Amelala.